Gitaa Lililolaumiwa na Kila Aliyejifunza Nalo

Katika miji mingi ya Marekani yako maduka ya vitu vya zamani ambamo, kati ya saa zilizosimama na viti vilivyovunjika miguu, mtu huweza kuona gitaa la mbao limetundikwa ukutani. Rangi yake imefifia, vumbi limejaa chini ya nyuzi, na juu ya kichwa chake limeandikwa jina Harmony. Mwenye duka halijali sana. Lakini akiingia mpigaji wa gitaa aliyekwisha kuota mvi, huonekana jambo la kuchekesha. Hulishusha gitaa lile, huweka kidole juu ya uzi wa kwanza, hukunja uso kama mtu aliyeguswa kidonda cha zamani, na kusema ya kuwa gitaa la namna hii ndilo lililomtesa utotoni. Kisha huuliza bei yake.

Wengi hulinunua. Wengine wanayo matatu au manne nyumbani, na kila wakikutana na wenzao huanza kuyasema vibaya. Asiyejua muziki huweza kustaajabu kwa nini mtu alipe fedha kwa kitu anachokilaumu. Sababu yake ni ndefu kidogo, nayo imeanzia katika kiwanda kimoja cha Chicago.

Kampuni ya Harmony ilianzishwa mjini humo mwaka 1892 na Wilhelm Schultz, Mjerumani aliyehamia kutoka Hamburg. Kwa miaka mingi ilikuwa kampuni kama nyingine. Mwaka 1916 ikanunuliwa na Sears, Roebuck, nayo hapana budi kuelezwa kwa wasioijua. Sears lilikuwa duka lililomfuata mnunuzi nyumbani kwake kwa njia ya posta. Kila mwaka lilipeleka kitabu kinene chenye orodha ya bidhaa zake katika mashamba ya nchi nzima, na mkulima aliyekaa mbali na mji aliweza kukaa chini ya taa yake jioni, akachagua jembe, cherehani, viatu vya watoto na dawa ya kikohozi, akapeleka fedha, akangojea mzigo wake stesheni. Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Bidhaa za Sears zilijitembeza kweli kweli, lakini nyingi kati yake hazikuwa mbaya.

Kilichowavuta Sears kuinunua Harmony hakikuwa gitaa, bali kile chombo kidogo cha nyuzi nne kitokacho visiwa vya Hawaii kiitwacho ukulele, ambacho wakati ule kila kijana wa Marekani alikitaka. Baadaye gitaa likashika mahali pake. Mwaka 1923 kampuni iliuza vyombo 250,000, na mwaka 1930 ikauza 500,000. Mwaka 1940 Jay Kraus, aliyekuwa mkuu wa kampuni, aliinunua yeye mwenyewe ikawa haiko tena mikononi mwa Sears, ingawa Sears iliendelea kuwa mteja wake mkubwa na kuuza magitaa yake kwa jina jingine, Silvertone. Tangu 1945 hata 1975 kiwanda hicho kilitoa magitaa yapata milioni kumi. Hesabu hiyo ni kubwa mno. Yaelekea hapana kampuni nyingine ya Marekani zamani zile iliyoweka gitaa mikononi mwa watoto wengi kiasi hicho.

Magitaa hayo yalifanywaje, hata yakauzwa kwa bei ambayo mtoto wa mkulima aliweza kuidunduliza? Jibu ni kwamba kila kazi iliyochukua muda mrefu wa fundi ilitafutiwa njia ya mkato. Pambo ambalo fundi wa gitaa la ghali hulichonga na kulipachika kwa mkono, Harmony walilipiga kwa rangi juu ya karatasi iliyotobolewa. Mwaka 1932 Sears ilianza kuuza gitaa lililotoka katika kiwanda hicho lenye jina la Gene Autry, mwimbaji wa nyimbo za wachunga ng'ombe, na mbele yake imepigwa picha ya wachungaji wenyewe. Watoto waliipenda picha hiyo kuliko sauti ya gitaa. Magitaa ya bei ya chini kabisa yalipakwa rangi yenye mistari-mistari, ili mbao ya kawaida ionekane kana kwamba ni mbao ya thamani. Aliyetazama kwa mbali alidanganyika. Aliyelishika mkononi hakudanganyika.

Jambo kubwa zaidi lilikuwa ndani, pasipoonekana. Ubao wa mbele wa gitaa ni mwembamba, nao hubeba mvuto wa nyuzi sita za chuma, ambazo zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu ya ratli 150 na zaidi. Ni kama kumning'iniza mtu mzima juu ya kifuniko cha kisanduku. Bila ya vijiti vya kuuimarisha kwa ndani ubao huo ungekunjamana kwa muda mfupi. Mafundi wa kampuni ya Martin, kule Nazareth katika jimbo la Pennsylvania, walizoea tangu karne ya 19 kuvipanga vijiti hivyo vikatane mfano wa herufi X. Mpango huo huzuia mvuto vizuri na kuuacha ubao utetemeke, lakini wataka mkono wa fundi na muda wake. Harmony walivipanga kwa kukingama tu, kimoja chini ya kingine, kama vipandio vya ngazi. Kazi hiyo ni nyepesi, na mtu aliyefundishwa kwa siku chache aweza kuifanya siku nzima bila ya kukosea.

Hapo ndipo lilipotoka kosa, na hapo hapo ndipo ilipotoka sauti ambayo watu wanaitafuta leo. Lakini tuanze na kosa.

Gitaa lenye vijiti vya ngazi, baada ya miaka kadhaa ya kuvutwa, huanza kuvimba tumbo nyuma ya daraja la nyuzi, na shingo yake huinuka kidogo kidogo. Nyuzi zikainuka nazo. Mwanzoni mpigaji huona ya kuwa anahitaji kukaza kidole zaidi. Baadaye nyuzi huwa juu mno hata kuzibana ni adhabu. Mtoto wa miaka kumi na miwili aliyepewa gitaa la namna hiyo siku ya Krismasi alitokwa na malengelenge, malengelenge yakapasuka, yakafanya sugu. Wako walioacha kabisa wakiamini ya kuwa hawana kipaji, kumbe kosa lilikuwa la shingo. Hilo ndilo lawama zito kuliko yote juu ya magitaa haya, nalo halina jibu. Hakuna ajuaye ni watoto wangapi walioliweka gitaa chini ya kitanda wasilitoe tena.

Mengi ya bei ya chini hayakuwa na ile fimbo ya chuma ndani ya shingo ambayo fundi aweza kuikaza ili shingo inyoke. Yalikuwa na chuma kilicholazwa tu, kisichoweza kukazwa wala kulegezwa, na juu ya kichwa yakapigwa maneno ya kujisifu ya kuwa shingo imeimarishwa kwa chuma. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, walakini hayakumsaidia mtu shingo ilipokwisha kupinda.

Wanaoyatetea hujibu kwa maneno ambayo mkulima yeyote atayafahamu, kwa kuwa mchagua jembe si mkulima. Mtoto aliyekuwa na hamu ya kweli hakungojea gitaa la Martin. Alipiga alilokuwa nalo, na mikono yake ikapata nguvu, na siku aliposhika gitaa zuri aliona kama anapiga nyuzi za pamba. Maneno hayo yana ukweli, lakini yasichukuliwe kuwa ni ukweli wote. Husemwa na wale walioshinda. Walioshindwa hawako dukani kuyaeleza yao.

Jambo hili halikuwa la Marekani peke yake. Afrika ya Kusini ilikuwa na gitaa lake la bei ndogo, Gallotone, lililofanywa Durban, na ambalo vijana wengi wa kusini mwa Afrika walilijua vizuri. Moja lilifika hata Uingereza. Mwaka 1957 kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon alipata Gallotone lenye cheti ndani yake kilichoahidi ya kuwa halitapasuka, na tarehe 6 Julai ya mwaka huo alikuwa akilipiga katika sherehe ya kanisa la Woolton siku alipokutana na Paul McCartney. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa kwa mnada mjini London kwa zaidi ya pauni 100,000. Mbao zake hazikuwa bora siku hiyo kuliko zilivyokuwa lilipotoka Durban.

Turudi Chicago. Mwaka 1939 Harmony walinunua jina la Stella, na jina hilo limeleta ubishi mwingi kuliko jingine lolote. Stella za kwanza zilifanywa na kampuni ya Oscar Schmidt huko Jersey City, nazo ndizo zilizopigwa na Weusi wa kusini mwa Marekani katika nyimbo zile za huzuni ziitwazo bluzi. Charley Patton wa Mississippi alipigwa picha na Stella yake. Huddie Ledbetter, ajulikanaye zaidi kwa jina la Lead Belly, alipiga Stella kubwa ya nyuzi kumi na mbili yenye sauti kama ya piano. Mtu akizisikiliza santuri zao akaipenda sauti ile, huenda kutafuta Stella, naye mara nyingi hukuta Stella ya Harmony ya miaka ya 1960, ambayo ni gitaa jingine kabisa lenye jina lile lile. Hapo hukasirika, akasema ya kuwa Harmony waliliharibu jina zuri. Lawama hiyo ina haki, ingawa hata Stella za Schmidt ziliuzwa kwa bei ndogo, na watu wa zamani zile hawakuziheshimu kama zinavyoheshimiwa sasa. Tena Stella za Harmony nazo zilipata wapenzi wake. Katika santuri ya Nevermind ya kundi la Nirvana, iliyotoka mwaka 1991, nyimbo mbili za taratibu zimepigwa kwa Stella hafifu ya nyuzi kumi na mbili ambayo Kurt Cobain aliipata kwa fedha kidogo na kuifunga nyuzi za nailoni. Santuri hiyo iliuzwa kwa mamilioni.

Si haki kuyahukumu magitaa yote ya Harmony kwa yale ya chini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walianza kuuza gitaa kubwa, namba H1260, katika jamii waliyoiita Sovereign. Ubao wake wa mbele ni wa mti wa jamii ya msonobari, mgongo na mbavu zake ni mahogani, na zote ni mbao nzima, si mbao nyembamba zilizobandikwa kwa gundi kama zilivyo katika magitaa mengi ya rahisi ya leo. Katika mengi ya jamii hiyo ubao wa shingo ambao vidole huukanyaga ni wa mti mweusi-mwekundu wa Brazili. Biashara ya mti huo kati ya nchi na nchi imezuiliwa tangu mwaka 1992 kwa sababu umekaribia kwisha. Basi gitaa lililouzwa kwa wanafunzi lina mbao ambayo fundi wa leo hawezi kuinunua kwa urahisi hata akiwa na fedha. Jimmy Page, mpigaji wa kundi la Kiingereza la Led Zeppelin, alilitumia H1260 kutungia na kupigia nyimbo zake za miaka ya 1970 na 1971, wakati ambapo aliweza kununua gitaa lolote alitakalo.

Biashara ya kampuni ilistawi sana mwaka 1964 na 1965, ilipouza vyombo 350,000. Kwanza nyimbo za kienyeji za Kimarekani zilikuwa zimependwa sana na wanafunzi wa vyuo. Kisha, tarehe 9 Februari 1964, kundi la Beatles likaonyeshwa katika televisheni ya Marekani, na watu yapata milioni 73 wakatazama. Kesho yake wazazi wengi walisumbuliwa nyumbani. Viwanda vya Chicago vilifanya kazi kwa nguvu zote, na bado magitaa hayakutosha.

Katika upungufu huo wakaingia Wajapani. Magitaa yao ya kwanza hayakuwa mazuri, lakini walijifunza upesi, na kufika mwanzo wa miaka ya 1970 waliuza magitaa yenye vijiti vya X na nyuzi zilizo chini kwa bei iliyoshindana na Harmony au hata kuishinda. Mzazi aliyeyaweka mawili hayo bega kwa bega dukani hakuwa na haja ya kuwaza. Harmony hawakubadili mpango wao wa ndani kwa wakati, na mwaka 1975 kiwanda kikafungwa. Mashine zikauzwa kwa mnada. Jina nalo likauzwa, likabandikwa juu ya magitaa yaliyotoka Asia, na mwaka 2018 likafufuliwa tena na wenye mali wengine kwa ajili ya magitaa ya umeme. Mpigaji wa kale anaposema Harmony hana maana ya hayo.

Leo, basi, wapigaji wamegawanyika, na ubishi wao si wa maneno matupu kwa kuwa wahusu patasi na msumeno. Kuisimamisha shingo iliyoinuka ni kazi kubwa: fundi hutoa chuma kimoja cha shingoni, hutoboa tundu dogo, huingiza mvuke mpaka gundi ilainike, huichomoa shingo, huipunguza mbao kidogo kwenye ungio, kisha huirudisha. Malipo ya kazi hiyo mara nyingi hupita bei ya gitaa lenyewe. Mwenye akili ya hesabu huliacha lilivyo. Mwenye mapenzi hulipa.

Wako mafundi ambao, wakikwisha kuifungua shingo, huendelea mbele. Huubandua ubao wa nyuma, huving'oa vile vijiti vya ngazi, na mahali pake huweka vya X. Likifungwa, gitaa hilo hupata sauti nene, yenye kudumu, na huweza kushindana na magitaa ya bei mara nyingi zaidi. Wanaopenda kazi hiyo husema ya kuwa mbao nzuri ilikuwamo siku zote, ila ilifungwa na mpango mbaya, na kulifungua ni kulitendea haki.

Wengine hulia wakiiona. Husema ya kuwa gitaa lenye vijiti vya ngazi lina sauti yake: hutoka upesi, kavu, kama mtu anayesema maneno machache kisha akanyamaza. Mpigaji wa bluzi, ambaye kidole gumba chake hupiga mdundo chini huku vidole vingine vikiimba juu, huitaka sauti hiyo fupi ili nyuzi zisichanganyike. Akipewa sauti ndefu, nene, huona kama anapiga ndani ya pipa. Na santuri nyingi za zamani zilizofanya watu waupende muziki huo zilipigwa kwa magitaa yaliyojengwa hivyo. Kwa watu hawa, kuondoa vijiti vya ngazi ni kuondoa kile kile walichokinunulia.

Hapana upande uliokosea, nayo ndiyo taabu. Mbao ni moja, na haiwezi kuwa na vijiti vya namna mbili. Gitaa likikwisha kukatwa halirudi, na kiwanda cha kufanya jingine hakipo. Milioni kumi ni nyingi, lakini mengi yamekwisha vunjwa, mengine yameoza katika vyumba vyenye unyevu, na kila mwaka yaliyosalia bila ya kuguswa yanapungua.

Kwa hiyo fundi mwangalifu aletewapo Harmony hachukui patasi mara moja. Humwuliza mwenyewe ni muziki gani anaotaka kuupiga. Akitaja bluzi, fundi hushughulika na shingo tu. Akitaja nyimbo za kuimbia pamoja na wenzake, huzungumza habari za X na malipo yake. Na akisema ya kuwa hajui, ila lilikuwa la baba yake na anataka kujifunza, fundi hushusha daraja kidogo, hulifunga nyuzi nyembamba ambazo hazitamwumiza vidole, akamrudishia.